Kakegurui mmetupiga: kamari gani hii ambayo steringi haumii mfukoni?

Wakuu, huu uzi ni wa nyie mliokuwa mnanisumbua na Kakegurui, Kakegurui, eti ndo anime (katuni ya Kijapani) ya kamari kali kuliko zote, eti nikianza siachi, eti nitaangalia nimeshika roho mkononi. Haya, nimeangalia sizoni zote mbili, ile ya 2017 na ile ya 2019, epsodi 12 kila moja, na nina hasira ambazo sijawahi kuwa nazo na katuni. Ingekuwa mbovu tu wala nisingehangaika kuandika, ningezima epsodi ya pili nikalala zangu. Kinachouma ni kwamba hawa MAPPA, studio iliyoichora, walikuwa na bonge la stori mkononi wakaiacha inadondoka huku wanahangaika kuchora mate na macho mekundu.

Kwa ambao hamjaiona, ni shule binafsi Japani, Hyakkaou, ya watoto wa vigogo na matajiri. Pale heshima yako haitokani na masomo wala mpira, inatokana na kamari. Kila mwanafunzi anatakiwa apeleke mchango kwa serikali ya wanafunzi, na wale 100 wa mkiani wanageuzwa mifugo. Sijakosea kuandika, mifugo. Unavishwa kibao shingoni, mvulana anaitwa Pochi kama mbwa, msichana anaitwa Mike kama paka, na mtu yeyote anakutuma anavyotaka. Na deni likikushinda kabisa unaletewa karatasi ya mpango wa maisha, yaani wamekaa watu mezani wakakupangia utafanya nini na utaolewa na nani, kazi yako wewe ni kutii tu mpaka uzeeke. Mtoto wa sekondari huyo!

Mi nilivyofika hapo nikakaa vizuri kabisa, nikasema leo nimepata kitu. Kwa sababu hiyo ndo inayotisha, sio zile bastola na kucha zinazokuja huko mbele. Deni ndo linatisha. Mtu mwenye deni hapo anaacha kuwa mtu na wenzake wanaona kawaida, wanacheka, wanaendelea na vipindi.

Sasa njoo kwa steringi, Yumeko Jabami. Mwanafunzi mgeni, mrembo, mpole, kumbe chizi wa kamari. Epsodi ya kwanza anakaa na Mary Saotome, wanacheza jiwe, karatasi, mkasi kwa kadi, na kadi zinachorwa na darasa zima zikatumbukizwa kwenye boksi. Mary anashinda kwa sababu darasani kuna watu wake, ni karata tatu ile ile ya stendi, wale wanaojifanya wateja wote ni genge moja. Safi sana. Yumeko analiwa kidogo, halafu anatoa kibunda cha yeni milioni 10, anaweka mezani, anatabasamu. Mary jasho linamtoka. Hapo nilipiga makofi, sikatai.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo nikaanza kujiuliza, huyu dada hizo hela anatoa wapi? Na akiliwa anapungukiwa nini? Mbona hatuoneshwi? Epsodi ya tatu anacheza na Yuriko, mjumbe wa serikali ya wanafunzi, ule mchezo wa vijipanga vinavyodondoshwa kwenye ubao wa matundu, anaibiwa, anaondoka na deni la yeni milioni 310. Milioni mia tatu na kumi! Mtu wa kawaida hapo unajifungia chooni ulie mpaka asubuhi. Yeye anavaa kibao cha mfugo anafurahia, maana mfugo ana haki ya kumwita mjumbe wa serikali ya wanafunzi kwenye mechi rasmi na mjumbe haruhusiwi kukataa. Kwa hiyo lile deni lote, ule utumwa wote niliotishwa nao, kwake ni tiketi ya kuingilia. Sasa mi nitashikaje roho? Mtu hana anachoogopa kupoteza, kushinda kwake kutaniuma vipi?

Na Mary yupo pale pale! Mary ndo kamari halisi ya hii stori. Alikuwa juu darasani, akaliwa na Yumeko, akaenda kwa Yuriko kujaribu kurudisha hela yake kama mtu yeyote aliyechanganyikiwa anavyofanya, akazama zaidi. Wale wale aliokuwa anawatuma sasa wanamdhihaki, analetewa ile karatasi ya maisha, mume ashachaguliwa. Unaona uso wake unavyobadilika anaposoma. Kile kipande ni kifupi tu na hamna aliyetoa ulimi wala kujishika maungo, na ndo kimenitisha kuliko Midari, yule mjumbe chizi, na bastola zake zote. Halafu wanamtoa kwenye shimo ndani ya epsodi mbili hivi, basi, twende kwa chizi mwingine anayefuata.

Maana ndo mtindo wao. Kila mjumbe anakuja na uchizi wake, huyu Itsuki anakusanya kucha za aliowashinda, huyu Midari jicho kajitoa mwenyewe, yule anaimba jukwaani, wanacheza, Yumeko anapata raha zake, anaeleza mwizi kaibaje, mwizi analia. Next! Na kamera nayo, jamani. Hawa ni watoto wa shule wakuu. Mtu anashika karata mbili, kamera imeenda kifuani, pumzi juu juu, mapaja. Mi sio mlokole lakini nilikuwa nageuza simu kila mtu akipita nyuma yangu, sasa hiyo ni anime ya akili kweli?

Mtaniambia kamari za kuigiza ndo zinavyokuwa. Sio kweli. Kaangalieni Kaiji, ya 2007, studio ya Madhouse. Na yenyewe inaanza na jiwe, karatasi, mkasi vile vile, ila angalia tofauti. Kaiji kamdhamini mwenzake wa kazini mkopo wa yeni 300,000, mwenzake kayeyuka, riba imepanda, jamaa wa kukopesha anakuja mlangoni kudai yeni milioni 3.85. Kuna nani humu hajui hiyo habari ya kudhamini mtu? Anapelekwa melini kucheza kamari ili afute deni, anapewa kadi 12, nne za jiwe, nne karatasi, nne mkasi, na nyota tatu kifuani. Ukutani kuna ubao unaonesha kadi zilizobaki kwa watu wote. Yaani na wewe uliyekaa kwenye kochi unaweza kuhesabu, unapiga hesabu na yeye, unakosea na yeye. Kakegurui mara nyingi ujanja unaambiwa mchezo ushaisha, wewe kazi yako kushangaa tu. Pale kwenye ule mchezo wa Kaede, mjumbe mwingine, wa kununua haki ya kuamua mkono wenye nguvu ushinde au dhaifu ushinde, walikaribia kunipa kitu, na Kaede nywele zikageuka nyeupe kweli kweli kwa sababu aliweka kila alichonacho. Umeona? Aliyeumia tena sio steringi.

Sizoni ya pili ndo sitaki hata kuiongelea sana. Rais wa serikali ya wanafunzi, Kirari, anatangaza uchaguzi, kila mwanafunzi ana kura moja na kura inachezewa kamari, ndugu wa ukoo wake wanamiminika na nywele za kila rangi. Nikasema haya, angalau uchaguzi una mwisho. Imefika epsodi ya 12, uchaguzi haujaisha, asanteni kwa kutazama. Tangu 2019 huko! Na asije mtu hapa na "soma manga mkuu", yaani kitabu cha katuni chenyewe, najua watunzi wake Kawamoto na Naomura walianza kuitoa 2014, mi nalalamikia nilichooneshwa.

Badala ya kumaliza, 2025 Netflix wakaleta Bet, waigizaji watu kabisa, na huko Yumeko kapewa sababu, anawalipizia kisasi wazazi wake. Sasa na hiyo nayo imemuua, maana uzuri pekee aliokuwa nao ni kwamba alikuwa hana sababu.

Ila kilichonimaliza ni Kakegurui Twin ya 2022, anime nyingine ya stori hii hii. Wamekumbuka kwamba Mary yupo, wakampa yake, mwaka mmoja kabla Yumeko hajafika shuleni. Hana ukoo wa kutisha, hana hela, anahangaika kila dau, ukimwangalia tumbo linakaza, ndo kile nilichokuwa nalilia muda wote. Epsodi sita. Sita tu, wakafunga.