Ufunguo wangu wa GPG umeisha muda nikiwa Mtwara, ni lazima nirudi Dar kutafuta saini?

Mwana_Mikindani: Habari za jioni wakuu. Ninatunza vifurushi viwili vidogo vya programu vya Debian (mfumo huria wa kompyuta), kazi ya kujitolea, hailipi hata nauli ya bajaji. Juzi nimepandisha toleo jipya, likakataliwa. Kuangalia, kumbe ufunguo wangu wa GPG, ule wa kidijitali ninaotilia muhuri kazi yangu ijulikane ni yangu, umeisha muda tangu mwezi uliopita. Niliupa miaka miwili nikajisahau, korosho zilinibana.

Ufunguo ule una saini mbili za watu waliothibitisha kuwa ni wangu, zote za Dar. Tulikaa mgahawani Kariakoo, kila mtu na kitambulisho chake cha NIDA, tukisomeana alama ya ufunguo, herufi na tarakimu 40, moja moja, mhudumu akidhani tunacheza bahati nasibu. Kuanza upya ni kilomita zaidi ya 550 kwenda tu, na mmoja wa walionisainia kashahama nchi. Halafu nimechungulia keys.openpgp.org, seva ya kugawa funguo, ufunguo upo ila saini hazionekani! Zimefutwa?

DogoMasasi: Tengeneza mpya mkuu, dakika mbili tu. Presha ya nini?

FundiKufuli: Nimeingia mbio nikijua ni kufuli la mlango 😂

BintiLindi: Dogo, usimpoteze mwenzio. Ufunguo mpya ni mtu mpya, hakuna anayemjua.

Mkuu, ile tarehe uliiandika mwenyewe, na mwenyewe unaweza kuisogeza hata kama imeshapita. Waliokusainia walithibitisha kwamba ufunguo huu ni wa mtu mwenye jina hili, tarehe haikuwahusu. Ingia gpg --edit-key, andika expire, weka tarehe mpya. Kisha chagua funguo ndogo, zile za kazi za kila siku zilizo chini ya ufunguo mkuu, nazo urudie (wengi husahau hapa halafu wanalia), malizia na save. Tuma keyring.debian.org, seva ya Debian wenyewe. Pale mgeni hapokelewi, ila ufunguo ulio tayari kwenye daftari lao la funguo unasasishwa. Daftari lenyewe hutoka upya karibu mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kama kifurushi kina haraka, omba msanidi mmoja akupandishie.

Saini hazijafutwa. Seva ile haigawi saini za watu wengine. Mwaka 2019 kuna wahuni walibandika maelfu kwa maelfu ya saini za uongo kwenye funguo za watu kupitia seva za zamani, ukiupakua ufunguo kama huo GPG inaganda. Ndiyo maana wengine wakaona bora wasizigawe kabisa.

DogoMasasi: Sawa dada, nimenyoosha mikono.

Msomali_wa_Kilwa: Akikwama anitumie picha ya NIDA PM, namsainia leo leo.

MzeeNachingwea: Kijana, saini ya hivyo ina thamani gani? Picha ya kitambulisho hata mwizi wa simu anayo. Sisi tuliokuwa na funguo dhaifu za zamani, za biti 1024, tunajua uchungu. Ilipoingia 2015 Debian waliziondoa kwenye daftari, na hapo kusogeza tarehe hakukusaidia kitu, ilikuwa ni ufunguo mpya na saini mpya. Walioko Ulaya wanakutana kila mkutano, wewe wa Nachingwea utakutana na nani, na tembo?

Mwana_Mikindani: Shukrani dada. Ila nimejaribu, inagoma, inasema hakuna ufunguo wa siri. Kwenye orodha naona sec imefuatwa na alama ya reli: sec#.

BintiLindi: Maana yake kwenye laptop hiyo una funguo ndogo peke yake. Ufunguo mkuu uliuhifadhi kwingine, na tarehe inasogezwa na ule mkuu. Kumbuka uliuweka wapi kabla hujaanza kulia.

Mwana_Mikindani: Mungu wangu. Flashi iko kwa mama, Newala.

MzeeNachingwea: Afadhali Newala kuliko Kariakoo.

Mwana_Mikindani: Mrejesho wakuu. Flashi ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, imeviringishwa mfuko wa nailoni, juu mama kaandika kwa kalamu "ya mwanangu msiguse". Nenosiri lilikataa mara mbili, la tatu likakubali, jasho linanitoka. Nimesogeza mwaka mmoja, na funguo ndogo nazo, nimeshatuma. Mama anauliza ni kitu gani, nikamwambia muhuri. Akasema mbona muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauishi muda.

BintiLindi: 😂 Weka alamu miezi mitatu kabla. Na ukipita Lindi, ming'oko yangu usisahau.