Mhandisi nataka kuingia kwenye sayansi ya sayari na astrobiolojia, nianze upya shahada?

Habari wakuu. Mimi ni mhandisi wa mitambo, kazi yangu ni kujaribu vifaa kwenye chemba za ombwe na joto kali. Nimefuatilia sana utafiti wa uhai nje ya dunia na sasa nataka kuufanya kazi. Biolojia niliachana nayo sekondari. Nirudi kusoma shahada ya kwanza, au naweza kupita na uhandisi huu huu? Mlioko ndani nisaidieni.

Chembe:
Usianze upya mkuu. Tafuta swali ambalo ujuzi wako unaliweza. Angalia Viking, mwaka 1976: vyombo viwili vilitua Mirihi, vikapasha udongo moto kwenye vitanuri ili kusaka molekuli za kikaboni. Zikaonekana kloromethani na dikloromethani, ikadhaniwa ni mabaki ya dawa za kusafishia vifaa huku duniani. Mwaka 2008 Phoenix, chombo kingine kilichotua Mirihi, ikakuta perklorati kwenye udongo wa huko. Chumvi hiyo ikipata moto inatoa oksijeni na klorini, inaunguza kile kile unachokitafuta! Kupima bila kuunguza ushahidi ni kazi ya mtu anayelijua joto, yaani wewe.

Mwamba Mwekundu:
Nakubali nusu. Wahandisi wanakuja na kifaa kizuri, lakini majibu yakitoka hawajui yanasema nini. Methani inatolewa na vijidudu, ila hata mwamba wenye olivini (aina ya madini) ukikutana na maji unazalisha hidrojeni, na hiyo ikikutana na kaboni methani inapatikana bila kiumbe chochote. Jiokemia, yaani kemia ya miamba, huikwepi ndugu yangu. Ukipata uzamili wa sayansi ya sayari, chukua.

Mleta mada:
Sawa. Sasa msimamizi wa uzamivu atanikubalije wakati sina chapisho hata moja?

Chembe:
Mwonyeshe kazi. Hifadhi ya data za sayari ya NASA, PDS, iko wazi na ni bure. Safari ya Cassini, chombo kilichochunguza sayari ya Zohali, iliisha 2017, lakini fosfati kwenye chembe za barafu za Enceladus, mwezi wa Zohali, ilitangazwa 2023 kutokana na vipimo vyake vya zamani. Chagua kifaa kimoja, jaribu kuipata upya grafu moja iliyokwisha kuchapishwa, kisha mwandikie mtafiti barua pepe fupi yenye grafu yako na swali moja. Europa Clipper, chombo cha kuchunguza Europa, mwezi wa Mshtarii, iliruka Oktoba 2024, inatarajiwa kufika huko 2030. Ukianza mapema, data zake zitakukuta umeiva.

Nyuzi110:
Kuna pia kazi ya kuzuia vijidudu vyetu visisafiri na vyombo kwenda sayari nyingine. Viking zilipikwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 110 kwa saa nyingi kabla ya kurushwa, na vifaa vingi vya kielektroniki vya sasa havihimili hilo. Mimi nimetokea umeme, nikaingilia hapo. Uzoefu wa chemba unatafutwa.

Mleta mada:
Nashukuru sana wakuu. Naanza na vipimo vya vumbi vya Cassini, vile vilivyoonyesha fosfati. Lugha gani ya programu inatumika zaidi?

Chembe:
Python. Ukikwama kwenye kusoma mafaili yao, uliza hapa hapa.