Eti nirudi kwenye korosho zangu!!!

Wakuu, natoka pale Shangani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule yule mwalimu wa kompyuta, wa miwani, begi la laptop lisilo na laptop.

Somo la kwanza la kutengeneza pakiti za Debian (ule mfumo wa Linux; pakiti ni programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa), watu 11, wote mbumbumbu, mimi ndiye mwenyekiti wao. Mfano aliotuchagulia? Gemu! Limewekwa mtandaoni juzi, linadai maktaba 40 (vipande vya programu vya watu wengine linavyovitegemea), nyingine nahisi bado hazijazaliwa. Bando langu la wiki limekata roho likipakua. Saa nane mchana kiungo nacho kikafa, mwenye gemu kalifuta.

Nikauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, kwani GNU Hello ina ubaya gani?" Kijiprogramu cha kusema Hello, world! basi, kinalala. Toleo 2.10 la mwaka 2014 mpaka leo unalipakua palepale, amri mbili za kulijenga, ./configure, make, kimya. Jasho lako linabaki kwa debian/control, faili la kuielezea pakiti, ndiko somo liliko.

Akavua miwani. "Ndugu yangu, rudi kwenye korosho zako."

Mbele ya watu! KOROSHO! Na sina hata mche mmoja! Dada wa mapokezi kacheka mpaka kakaa chini.

Ngalawa: Siti ya mbele. Alivua miwani kabisa?

Mleta mada: Aliivua, mkuu. Akaifuta na shati. Ndiyo akasema korosho.

Mtoto wa Mikindani: Chai. Si wewe uliyefuta folda nzima ya darasa mwezi jana?

Mleta mada: Hilo halihusiani.

Fundi Simu: Hello nayo inadanganya, unamaliza unajiona injinia, ukikutana na programu yenye maktaba mbili tu unalia. Gemu si tatizo. Angelipakua mapema akaja nalo kwenye flashi.

Mleta mada: Flashi! Huyu? Aliniomba chaja!

Mama Ligula: Nimeona pakiti nikajua vifungashio. Jamani, magunia msimu huu yapo?

Kangomba Mstaafu: Magunia! Chama chetu wanasema "kesho" tangu mikorosho inatoa maua.

Mama Ligula: Hao ni ndugu na wa kwetu. Na malipo?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada.

Kangomba Mstaafu: Si umesema mwenyewe korosho? Mama, malipo usiniulize, nina presha.