Besimenti ina unga mweupe ukutani: inafaa kuwa chumba cha kulala?

Ngazi_Tatu
Wakuu, habari. Nina besimenti ya mita 6 kwa 8, kuta za bloku, sakafu ya zege tupu. Kutoka sakafuni hadi chini ya mihimili ni mita 2.25. Nataka nipate chumba cha kulala na sebule ndogo. Maji hayajawahi kutuama, ila chini ya ukuta mmoja kuna unga mweupe, na maboksi yaliyo sakafuni yananuka uvundo. Fundi anashauri tupige rangi ya kuzuia maji kwa ndani, halafu tufunge jipsamu. Inatosha?

Mwashi_Mkavu
Haitoshi mkuu, na hiyo rangi ndiyo itakayokudanganya. Unga huo ni chumvi. Maji yanapenya kwenye bloku, yanakaukia upande wako na kuiacha hapo. Rangi ya ndani inasukumwa na maji kutoka nyuma, kwa hiyo itavimba malengelenge na kubanduka, na wewe umeshaifunika kwa jipsamu, huoni kitu.

Pima kwanza, kabla hujanunua hata ubao mmoja. Kata nailoni nene sm 45 kwa 45, ibandike kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo, iache angalau saa 16. Fanya hivyo sehemu tatu au nne za sakafu, na kwenye ukuta huo pia. Ukikuta matone upande uliogusa zege, au zege imekuwa nyeusi, unyevu unatoka ardhini. Nailoni ikilowa kwa juu, huo ni mvuke wa chumbani unaogeuka maji kwa sababu zege ni ya baridi. Dawa yake ni mashine ya kukausha hewa, huna haja ya kuchimba chochote. Rudia kipimo baada ya mvua kubwa.

Kisha toka nje utazame juu. Mara nyingi mkosaji ni gata: bomba linamwaga maji ya paa zima mguuni pa msingi. Lirefushe mita 2 au zaidi, na udongo uteremke sm 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Tabaka la juu liwe mfinyanzi ulioshindiliwa. Mchanga unayanywa maji na kuyapeleka kule kule. Ukuta ukiendelea kutoa unyevu, hapo ndipo uingie gharama ya mfereji wa kokoto na bomba la matundu kandokando ya msingi, hadi kwenye shimo la pampu. Usifunge kitu mpaka msimu mmoja wa mvua upite.

Msumari_Inchi_Nne
Hapo kwenye kusubiri msimu, wengi hawasikii. Naongezea ukuta wenyewe.

Usiegemeze mbao wala sufi ya glasi kwenye bloku. Hewa ya chumbani ikipenya nyuma inakutana na ukuta wa baridi, inatoa maji, ukungu unaota mahali usipoona. Gundisha bodi ngumu za polistireni (plastiki ya povu inayozuia baridi) za sm 5 moja kwa moja ukutani na uzibe maungio kwa utepe. Fremu ya mbao isimame mbele yake. Mzunguko wako ni mita 28, kwa hiyo kuta ni kama mita za mraba 63: bodi 22 za mita 1.2 kwa 2.4, nunua 24. Nguzo za fremu zikiwa kila sm 60 utatumia kama 55, pembe zikiwemo. Ubao wa chini uwe umetiwa dawa. Jipsamu iinue sm 1.3 kutoka sakafuni, skati (ubao wa chini ya ukuta) itaficha. Ikigusa zege inanyonya maji kama utambi. Na nailoni nyuma ya jipsamu, hapana: inafungia unyevu ndani. Polistireni usiiache wazi, inashika moto haraka.

Kimo kinakutosha, ila kwa shida. Sakafu yenye karatasi ya vinundu (plastiki inayotenganisha sakafu na zege), plaiwudi na umaliziaji inakula kama sm 3.6, dari sm 3.8. Unabaki na mita 2.17.

Dirisha_Kwanza
Wote mmeruka neno "kulala". Ngazi ikijaa moshi, aliye chini atokee wapi? Kanuni za mfano za nyumba za Marekani zinataka dirisha lenye uwazi halisi wa mita za mraba 0.53, upana usiopungua sm 51, kimo sm 61, kizingiti kisizidi sm 112 kutoka sakafuni. Angalia mtego: 51 kwa 61 ni 0.31 tu, hivyo huwezi kuchukua vipimo vyote viwili vya chini kwa pamoja. Kukata ukuta unaobeba nyumba kunahitaji linta (boriti ya juu ya dirisha) na mhandisi. Kama boila (mtambo wa kuchemsha maji kwa moto) iko humo, weka kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Pima na radoni pia, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli (Bq, kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo.

Ngazi_Tatu
Nimewaelewa, rangi nimeifuta. Na choo je?

Mwashi_Mkavu
Bomba la majitaka likiwa juu ya sakafu yako, utahitaji tangi lenye pampu. Likiwa chini, weka vali ya njia moja. Mtaro wa nje ukiziba, uchafu hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote nyumbani, yaani hicho choo chako.