Picha za viongozi wa kiroho wa Blackfoot: nani aamue zioneshwe wapi?

Wakuu, kuhusu picha za Blackfoot, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, wengi wanasema picha ni picha tu, makumbusho iachwe ioneshe. Mimi nakataa.

Angalieni picha aliyoichora Mmarekani George Catlin mwaka 1832 huko Fort Union, kituo cha biashara kwenye mto Missouri, Marekani. Mganga wa Blackfoot amejifunika ngozi ya dubu mpaka kichwani, zimening'inia ngozi za nyoka, vyura na popo, mkono mmoja ana mkuki, wa pili kayamba. Alikuwa akimhudumia mtu anayekata roho kwa risasi. Jamani, mtu anakufa, mgeni anachukua sura ya tukio! Catlin alilipata hata vazi lenyewe, akaondoka nalo.

Mwaka huohuo alimchora Stu-mick-o-súcks, chifu wa Kainai, tawi mojawapo la Blackfoot. Hiyo sina ugomvi nayo: mzee alikaa mwenyewe achorwe, na jina lake lipo.

Kwa Blackfoot, haki ya kutunza kifurushi kitakatifu (vitu vya ibada vilivyofungwa pamoja), pamoja na vazi na nyimbo zake, hukabidhiwa kwa ibada, kutoka mtunzaji mmoja hadi mwingine. Hata mwenyeji ambaye hajakabidhiwa hajivalii tu. Sasa mchoraji aliipata wapi ruhusa ya kulianika vazi hilo kwa kila mpita njia?

Kuna hoja kwamba bila wachoraji mila ingepotea. Tuangalie historia. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilipiga marufuku Ngoma ya Jua, ibada yao kubwa, na kazi za waganga, na marufuku ikadumu hadi 1934. Ndani ya kipindi hicho, kuanzia 1928, kampuni ya reli ya Great Northern ilichapa kwenye kalenda picha za Blackfeet (Blackfoot wa upande wa Marekani) alizochora Winold Reiss, ili kuvuta watalii waende hifadhi ya taifa ya Glacier. Ibada ni kosa, sura ya mwenye ibada ni tangazo! Waliookoa mila ni wazee walioendelea kuitunza chini ya sheria hizo.

Na kurudisha kunawezekana. Mwaka 2000, jimbo la Alberta, Kanada, lilitunga sheria ya kurudisha vitu vya ibada, na makumbusho ya Glenbow ikarudisha vitu vitakatifu 251 kwa Blackfoot.

Msimamo wangu: picha za watu zibaki ukutani, lakini zinazoonesha ibada waamue wazee wa vyama vya ibada vya Blackfoot, na wakisema zishushwe, zishushwe. Panaponitatiza ni nakala zilizokwisha kusambaa mtandaoni. Hizo mnashauri zifanyweje?