Naomba ushauri: geji ya kg/cm² kwenye otoklevu, Nairobi

Wadau, naomba mnihakikie hesabu hii ya otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo). Mvuke wa nyuzi 121 unataka shinikizo kamili (pamoja na la hewa ya nje) la kPa (kilopaskali) 205. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ina kama kPa 83 tu, si 101.3 kama Mombasa. Geji husoma ziada juu ya hewa ya nje tu, kwa hiyo isome kPa 122. Kg/cm² 1 ni kPa 98.07, basi geji isome 1.24; atakayegawanya kwa 101.3 ya hewa ya pwani atakosea na kupata 1.20. Kibaya zaidi ni kutumia kPa 104 za pwani (205 kutoa 101.3): joto litaishia nyuzi 118, spora (chembe sugu za vijidudu) zinaweza kusalimika.

Vali ya usalama ni ya bar 1.5, yaani 1.53 kwenye geji. Nafasi hiyo inatosha? Na hewa mnaitoa dakika ngapi kabla ya kufunga? Ikibaki ndani, geji husoma sawa huku joto likiwa chini.