Rampu za picha, choo cha kuhifadhia mafagio, halafu mnajiita jumuishi

Wakuu, leo sina salamu.

Kila jengo la umma likizinduliwa, risala inasema miundombinu "ni rafiki kwa watu wenye ulemavu". Rafiki wa aina gani? Chukueni futi kamba na pima maji, nendeni kwenye hiyo rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitia badala ya ngazi, halafu turudi hapa tuongee.

Kanuni ya mteremko ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita 1, unakwenda mbele sentimita 12. Ngazi nne za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 60, kwa hiyo rampu yake ni mita 7.2. Hesabu ya mtoto wa shule. Lakini fundi anakuta kati ya mlango na maegesho amebakiziwa mita mbili, anamwaga zege kwenye mita mbili hizo hizo, anapaka rangi ya njano, anachora ile alama ya kiti mwendo (kiti cha magurudumu), kazi imekwisha. Hiyo ni 1 kwa 3 na kitu! Anayejisukuma kwa mikono hapandi hapo hata awe na misuli ya mbeba magunia. Akisukumwa, magurudumu madogo ya mbele yananyanyuka na kiti kinataka kulala chali. Kushuka ndiyo usiseme: mwili unaserereka kutoka kitini, viganja vinaungua kwa kubana ringi za kusukumia magurudumu. Na juu ya balaa hilo mtu anabandika vigae vya kung'aa. Vikilowa tu, hata wa magongo anakwenda chini.

Zile chache zilizofuata kipimo zinaharibiwa kileleni. Rampu inaishia mlangoni moja kwa moja, hakuna sehemu bapa, na mlango unafungukia nje. Haya, fikiria: mkono mmoja umebana ringi ili kiti kisirudi, mkono wa pili unavuta mlango unaokuja usoni kwako. Ili mlango upite, lazima urudi nyuma. Unarudi wapi? Mteremkoni, kinyumenyume, kwa mkono mmoja. Ndiyo maana panatakiwa eneo bapa la mita 1.5 kwa mita 1.5 juu na chini, na jingine katikati kila kimo kinapokaribia sentimita 76, mtu apumzishe mabega.

Kuna mengine madogo ambayo wachoraji wanayaona mapambo. Kingo ya sentimita 10 pembeni, gurudumu lisichungulie nje. Reli za kushikia pande ZOTE MBILI. Mkinibania mkaweka upande mmoja, mtu aliyepooza mkono wa kushoto atapanda akishikilia kwa kulia, na wakati wa kushuka reli yake itakuwa upande wa mkono usiofanya kazi. Na pale rampu inapokutana na ardhi, mvua ikila udongo panabaki ngazi ndogo ya sentimita mbili tatu. Gurudumu la mbele likigonga hapo kiti kinasimama, lakini mtu anaendelea mbele. Kujaza saruji kidogo pale ni kazi ya nusu saa, lakini kila msimu hakuna anayeiona.

Sasa njooni chooni. Cha kwanza, kimefungwa na ufunguo anao mtu aliyetoka. Cha pili, ukifunguliwa unakuta mafagio, ndoo na viti vilivyovunjika. Mkishatoa stoo yenu, angalieni mlango: unafungukia ndani. Kiti mwendo kikiingia haufungi, na mtu akianguka nyuma yake mwili wake ndio komeo, wa kumsaidia hawezi kuingia. Pembeni mwa sinki la choo panatakiwa sentimita 90 za wazi ili kiti kisimame sambamba na mtu ahamie. Hapo ndipo mnapoweka pipa la taka. Kimo cha kukalia ni sentimita 43 hadi 48, kikaribiane na kiti mwendo. Vyuma vya kushikia vinatakiwa kubeba zaidi ya kilo 100, maana mtu anauninginiza mwili wake mzima pale, na nyie mnafunga kile cha kuanikia taulo kwa skrubu mbili kwenye ukuta wa mbao laini. Na ile kamba ya kuitia msaada msiifunge juu eti inasumbua kudeki. Aliyeanguka yuko sakafuni, kamba imfuate huko huko!

Wasioona nao wamefanyiwa vituko. Vigae vya kuongozea vilianza kwa Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, na vikatandikwa barabarani kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Vina lugha yake: michirizi mirefu maana yake endelea, vinundu maana yake simama, kuna hatari au kona. Mafundi wetu wanavipanga kama zulia, rangi moja baada ya nyingine, mstari unakwenda kukabidhi mtu kwenye nguzo. Asiyeona akiufuata huo kwa fimbo yake nyeupe, ni bora vigae vingekosekana kabisa. Nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, mlizozifunika kwa kioo ili zisichafuke sizisemei.

Mnaopenda kunukuu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, mkimaliza ibara ya 9 ya ufikivu someni na ya 19. Inazungumzia kuishi kwa kujitegemea ndani ya jamii. Kubebwa mzobemzobe na walinzi wanne hadi ghorofa ya kwanza hakumo.

---

Mchangiaji wa 2

Umesahau ugawaji wa viti mwendo, na mimi hapo ndipo damu inapochemka. Viti vinashushwa vyote saizi moja, watu wanapanga foleni, picha, makofi. Kiti si kofia! Upana wa kukalia unatakiwa kuwa sawa na nyonga za mtu, ukizidi basi sentimita 3. Kikiwa kipana mno anakaa kaegemea upande mmoja, uti wa mgongo unapinda taratibu, na mikono haifiki vizuri kwenye ringi. Sehemu za miguu zikiwa juu mno, magoti yananyanyuka na uzito wote unahamia kwenye mifupa ya makalio. Kwa asiyehisi sehemu hiyo, kidonda cha mgandamizo kinaanza bila maumivu yoyote. Kikija kuonekana kwa juu, chini kimeshachimba.

Mto wa kukalia ndio wa kwanza kusahaulika. Sifongo ukiibonyeza kwa ngumi na ukagusa ubao, hiyo si mto tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa ugawaji wa viti mwendo mwaka 2008 wenye hatua nane, kuanzia rufaa, tathmini na vipimo hadi mafunzo na matengenezo. Nyie mnafanya moja, ya kukabidhi. Kiti cha magurudumu madogo magumu ni cha korido ya hospitali, kwenye mchanga kinazama. Bearingi ikiisha hakuna spea, kinageuka kiti cha kuegeshea nguo.

Mchangiaji wa 3

Mkuu, hasira zako nazielewa, ila gharama je? Na kusema kweli hao watu kwenye majengo mengi hatuwaoni wakija.

Mwanzisha uzi

Hamuwaoni kwa sababu umeshaona hapo juu mlango ulivyo. Suala la gharama, tuwe wakweli: mlango wa upana wa sentimita 90 na wa 70 kwenye ramani ni kubadilisha tarakimu. Ghali ni kuja kuvunja zege na kuhamisha mabomba baada ya uzinduzi.

Na nyingine hata saruji haihitaji. Mkalimani wa lugha ya alama asiwekwe dirishani, mwanga ukiwa nyuma yake uso na mikono vinakuwa kivuli. Mkutano ukipita saa moja wawe wawili wanaopokezana kila dakika 20 au 30, akichoka anaanza kudondosha maneno na kiziwi hana njia ya kujua alichokosa. Msimuulize msindikizaji "anaumwa nini huyu?" wakati mwenyewe amekaa mbele yenu. Fomu isiwe picha iliyoskaniwa, kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, kinakuta ukurasa mtupu. Mwenye ulemavu wa akili apewe maelezo mafupi, jambo moja kwa sentensi, na muda wa kujibu mwenyewe.

Ninachotaka kamati za ujenzi zifanye: kabla zege halijamwagwa, aitwe anayejisukuma mwenyewe, mwenye fimbo nyeupe na wa magongo, wapite kwenye kamba za vipimo vya jengo zilizotandikwa chini. Walipwe posho kama mnavyomlipa mhandisi mshauri. Kazi ikiisha warudi, na fungu la mwisho la mkandarasi likae hapo hapo mpaka wa kiti mwendo apande, afungue mlango, aende chooni, ajifungie na atoke bila kuguswa na mtu.